Hoja ya Kumtetea Kasuku

Printa ya karakana ile ya miwani ikiishiwa karatasi, kompyuta haikusema, kama zisemavyo kompyuta za watu wengine, kwamba karatasi zimekwisha. Kwenye skrini yalitokea maneno haya: "Tumbo tupu halichapi. Nilisheni." Ukikosea neno la siri la kuingilia, iliuliza: "Umeamka kweli, au umekuja kumalizia usingizi hapa? Jaribu tena, taratibu." Wino ukikaribia kwisha, ilisema umebaki wa kulambia.

Maneno hayo yote aliyaandika mtu mmoja aliyeitwa Kasuku, na jina hilo alipewa kwa sababu hakujua kunyamaza. Alisema akiwa na kazi, alisema akiwa hana kazi, na waliolala naye chumba kimoja utotoni wanasema hata usingizini alikuwa akibishana na mtu na kumshinda. Ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa karakana. Kisha akaugua ghafla, akapelekwa hospitali huku akimtania muuguzi aliyekuwa akimsukuma, na hakurudi.

Dada yake mkubwa alifanya kazi humohumo. Meza yake ilikuwa ya kwanza ukiingia mlangoni. Vipimo vya macho vilitoka kwa madaktari vikafika kwake, akaviingiza kwenye kompyuta, printa ikatoa kijikaratasi, kijikaratasi kikawekwa kwenye trei pamoja na lenzi mbili, na trei ikaanza safari ya kwenda kusagwa, kung'arishwa na kutiwa kwenye fremu. Kwa ajili ya kazi hiyo kila mtu alimwita Dada Oda, hata wale waliomzidi umri.

Sasa, kompyuta yoyote ina mfumo endeshi, yaani ule mtambo wa ndani usioshikika, unaoiamsha asubuhi na kuziongoza programu nyingine zote. Watu wengi wanaujua ule wa kununua, ambao ukiingia ofisi yoyote utaukuta. Karakana hii ilitumia mwingine, wa bure, ambao ukiutaja mtaani watu wanakutazama kama umetaja ugonjwa. Kasuku aliupenda kupita kiasi. Alisema katika ule wa kununua unakaa kama mpangaji, hata msumari ukutani huruhusiwi kupigilia, lakini huu ni nyumba yako mwenyewe, ukitaka unavunja ukuta. Na ukuta alioamua kuuvunja ni huo wa maneno. Aliyatoa yale makavu yaliyokuja na mfumo, akaweka ya kwake, mashine moja baada ya nyingine, na Mzee mwenye karakana aliyaona, akacheka, akayaacha.

Alipokufa, maneno yalibaki yakisema. Wiki ya kwanza baada ya mazishi hakuna aliyeweza kuyatazama. Wiki ya pili mtu alicheka kwa bahati mbaya, akaomba radhi, na kabla hajamaliza kuomba radhi wengine nao wakacheka, na Dada Oda akajikuta anacheka kuliko wote huku machozi yanamtoka. Jioni alipofika nyumbani alimsimulia mama yao. Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu haimtii siku hizi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia alirudie lile neno kama lilivyo, bila kupunguza. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Dada Oda hajavua hata viatu, Mama anauliza, "Leo kasema nini?"

Na alikuwa na mengi ya kusema. Kasuku alikuwa ameandika neno kwa kila hitilafu aliyoweza kuifikiria, na hitilafu nyingine hutokea mara moja kwa miaka. Kwa hiyo mtu amezikwa, nyasi zimeota, na bado anatoa utani mpya ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Kompyuta ya chumba cha kung'arishia ilipojaa mafaili, ilisema: "Nimeshiba mpaka kooni, punguzeni kitu kabla sijawatapikia." Waya wa mtandao ulipolegea, ikasema: "Naita, naita, haitiki mtu. Kama mmenuna semeni." Asubuhi moja betri ndogo inayoitunza saa ndani ya kompyuta ya Dada Oda ilikufa. Alipoiwasha, skrini ikakaa nyeusi kidogo, kisha ikaandika: "Nimelala sana, hata sijui leo ni lini. Niambieni."

Siku hiyo kazi ilisimama. Mzee mmoja msaga lenzi, ambaye walimwita Babu Kioo, alitoka na aproni yake nje akasimama kwenye jua mpaka akatulia. Jioni Dada Oda alifikiri amfiche mama yake neno lile, akashindwa. Mama aliutazama mlango, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemjibu mtoto aliye chumba cha pili, "Leo Jumanne, baba. Jumanne."

Basi wafanyakazi wakajifunza ujanja. Kukiwa na siku nzito, mtu anachomoa karatasi zote kwenye printa, au anaulegeza waya kwa kidole, ili tu yatokee maneno. Walikuwa na jina lake: kumwita. "Hebu mwite kidogo," Babu Kioo angesema, na mtu angemwita, wangecheka, wangerudi kazini. Kila mtu alijua ni upuuzi na hakuna aliyeacha.

Mwaka uliofuata Mzee mwenye karakana alichoka, akaikabidhi kwa binti yake. Msiharakishe kumchukia binti huyu. Alikuwa na adabu, alikuja kazini mapema kuliko wote, na alilia msibani kwa Kasuku kama watu wengine. Ila alikuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu kinakaaje na kwa nini. Alizunguka karakana nzima akiuliza, akaandika, akaenda zake, na aliporudi aliwakusanya wote kwenye chumba cha mapokezi.

"Tunabadilisha mfumo wa kompyuta," alisema. "Tunachukua huu ambao watu wote wanaujua. Nikiajiri mtu mpya leo inabidi afundishwe kwanza hata kufungua faili. Aliyeuweka mfumo huu alikuwa mmoja, na tumempoteza. Halafu mashine zinasimama mno. Mhasibu ameangalia, karatasi zinakwisha kila mara, mtandao unakatika kila mara. Sijaona ofisi ambayo printa inaishiwa karatasi namna hii."

Watu walitazama sakafu. Mhasibu, aliyekuwa mgeni na hakujua chochote, alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Babu Kioo alikohoa kikohozi kisichokuwa na ugonjwa.

"Mwenye hoja tofauti ailete kwenye kikao kijacho," bosi aliendelea. "Lakini iwe hoja ya kibiashara. Mambo ya kwamba tumezoea, kwamba tunapenda, hayo naomba tuyaache mlangoni."

"Nitaileta mimi," alisema Dada Oda.

Hakuwa amepanga kusema. Neno lilimtoka, na likishatoka halirudi. Lakini alijua vizuri anachopigania: mfumo ukiondoka, ndugu yake ananyamaza, na mama yao atakaa kitandani pale jioni baada ya jioni bila kuwa na cha kungojea. Mazishi walishafanya mara moja. Hakuwa na nguvu ya kufanya mengine.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuwakataza. Aliwaita wenzake nyuma ya ghala, akawaambia kuanzia siku ile mtu yeyote asimwite. Printa ijazwe karatasi asubuhi na mchana. Nyaya zisiguswe. Mashine zionekane zina afya.

"Hata mara moja, Dada?" aliuliza Babu Kioo. "Asubuhi tu, kabla bosi hajaja?"

"Bosi anakuja kabla yako, Babu."

"Kweli." Akafikiri. "Basi tutakuwa tunafanya kazi tu, hivihivi?"

"Hivihivi tu."

Wakafanya hivyo. Printa ikashiba, nyaya zikakazwa, na karakana ikawa kimya kama nyumba ya wageni wasiofahamiana. Skrini zilionyesha oda na vipimo, oda na vipimo. Jioni Mama alipouliza, Dada Oda alijibu kwamba leo hakusema. Ya pili akajibu hivyohivyo. Ya tatu Mama akauliza kama wamemuudhi.

"Hapana, Mama. Tumemnyamazisha kidogo. Wanataka kumtoa, nami nakwenda kumtetea. Wakimwona mtulivu watamwacha."

"Mtulivu, yeye?" Mama alicheka kicheko kifupi. "Haya. Mtetee. Mimi nitavumilia."

Na Dada Oda akajifunza mambo ambayo hakuwahi kudhani yatamhusu. Alimfuata fundi wa kompyuta mwenye duka karibu na karakana, akamuuliza maswali mpaka yule bwana akaanza kumkwepa. Alijua sasa kwamba kompyuta zao za zamani zisingeubeba mfumo wa kununua, zingetupwa zote. Alijua kwamba programu inayoiongoza mashine ya kusagia lenzi iliandikwa kwa mfumo huu wa bure, na kwamba mashine yenyewe ni nzima kabisa, ila ukibadilisha mfumo itakuwa kiziwi. Alijua kuhusu vibali vya kulipia kila mwaka, na kuhusu virusi, ambavyo vinaufuata zaidi ule mfumo wenye watu wengi, kama mbu wanavyofuata walipolala watu. Hili la mbu alilipenda, akalikariri. Usiku alisema hoja yake mbele ya Mama, na Mama alimwambia asimame wima na asiombe, maana anayeomba anaonekana ana lake.

Siku ya kikao walikuwa watatu mezani: bosi, Mhasibu na yeye. Alivaa gauni alilovaa kwenye harusi za watu. Akasimama wima, akasema yote, na hakuomba. Alipofika kwenye mbu Mhasibu alicheka, na bosi akaandika kitu. Akaonyesha kwamba tangu kikao kilichopita mashine hazijasimama hata kidogo. Ni uangalizi tu uliokuwa umelegea, na sasa umekazwa. Mhasibu alithibitisha, akashangaa mwenyewe. Hoja ilikuwa nzuri. Hata mtu asiyemjua Kasuku angeipokea, na ndivyo alivyokuwa ameitengeneza.

Bosi aliweka kalamu chini.

"Umenisogeza," alisema. "Imebaki hofu moja, na nisamehe kwa kuitaja. Mfumo huu ni wa mtu mmoja, na mtu huyo hatunaye, Mungu amrehemu. Siwezi kuiweka karakana yote juu ya mkono wa marehemu."

"Si wa mtu mmoja," alijibu Dada Oda haraka. "Ni wa bure, unapatikana kwa yeyote. Yeye aliuweka tu. Fundi yeyote anaweza kuuweka upya kesho, ukawa uleule, na usilipe chochote isipokuwa ujira wake."

"Kwa hiyo haumtegemei yeye."

"Haumtegemei."

"Naomba unijibu kama msimamizi wa oda, usinijibu kama dada yake. Kuna kitu chochote alichokiweka humo kwa mkono wake ambacho ni lazima tukitunze?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Bosi alikuwa anamtazama vizuri, macho laini, na huenda angeelewa. Huenda angecheka kama baba yake. Lakini Dada Oda alikuwa ameshaambiwa mambo ya kupenda yaachwe mlangoni. Aliiona hoja yake nzima imesimama pale mezani, imara, akaona kwamba neno moja la kusema "ndiyo, utani wake" litaiangusha yote, na watamhurumia, na huruma itamtoa ndugu yake mlangoni kwa upole. Aliwaza kwamba akikana hapa, mashine zitaachwa jinsi zilivyo, na zikiachwa jinsi zilivyo, yeye yumo.

"Hakuna," alisema.

"Una hakika?"

"Hakuna kitu."

Bosi akatabasamu, akanyoosha mkono, akamwambia mfumo unabaki. Habari ilimtangulia Dada Oda kwenye korido. Watu walipiga makofi kwa kutumia trei. Babu Kioo alimkumbatia na aproni yake yote, akamtia vumbi la lenzi kwenye gauni la harusi. Ilikuwa Ijumaa. Walikubaliana kwamba Jumatatu asubuhi, baada ya kimya chote kile, watamwita mara moja kwa ukamilifu: karatasi, waya, neno la siri, kila kitu. Nyumbani Mama alivaa kanga mpya siku ile ya Ijumaa bila kuwa na safari yoyote, akasema mwanawe ana bahati ya kuwa na dada mwenye mdomo kama wake.

Jumatatu Dada Oda alichelewa kidogo kwa sababu ya mvua. Alipoingia aliwakuta wote wamesimama kwenye meza yake, wamevaa aproni, hakuna anayecheka. Trei ya printa ilikuwa imechomolewa, tupu. Babu Kioo alikuwa ameshika bunda la karatasi kifuani kwa mikono miwili.

Kwenye skrini, kwenye kiboksi cheupe chenye pembe nne safi, kulikuwa kumeandikwa: "Hitilafu. Hakuna karatasi."

"Nimemwita mara tatu," alisema Babu Kioo. "Anasema hivyohivyo."

Dada Oda alivuta waya wa mtandao. "Hitilafu. Hakuna mtandao." Aliandika neno la siri la uongo. "Neno la siri si sahihi." Akaandika tena la uongo, na tena, mpaka mtu alimshika bega kumtoa pale.

Bosi alimpokea kwa furaha. Alimvutia kiti. "Umeona? Nilitaka nikushangaze. Ulinipa wazo mwenyewe. Kama fundi yeyote anaweza kuuweka upya, nikasema, basi tuanze safi, tusiendelee kuishi na viraka vya zamani. Yule bwana wa dukani amefanya Jumamosi na Jumapili. Mfumo uleule wako, ila mpya, kwenye diski mpya. Oda zote zipo, nimehakikisha."

"Na zile diski za zamani, zilizotunza kila kitu?"

"Zilikuwa na majina ya wagonjwa na macho yao, unajua mambo ya siri. Zimepondwapondwa jana. Aliniuliza kama kuna cha kuhifadhi, nikamwambia swali hilo nilishamuuliza mwenyewe anayejua." Tabasamu lake likapungua. "Kuna nini? Nimekosea mahali?"

Alikuwa anauliza kwa moyo safi. Dada Oda alimtazama, akatafuta hasira, akaikosa. Hasira inahitaji mtu wa kumshika, na hapa kila alipojaribu kumshika mtu alijishika mwenyewe.

"Hujakosea," alisema. "Uliniuliza."

Alirudi mezani kwake. Oda zilikuwa nyingi, za mwisho wa wiki zilikuwa zimerundikana. Aliziingiza moja moja, printa ikatoa vijikaratasi, trei zikaenda kusagwa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama. Babu Kioo alileta chai, akaiweka, akaondoka. Yale maneno ambayo Kasuku aliyaandika kwa ajili ya hitilafu ambazo hazijatokea bado, mengi kiasi gani hakuna anayejua, na sasa hakuna atakayejua. Hilo ndilo lililomsumbua siku nzima kuliko hata yale waliyoyakariri.

Jioni alivua viatu mlangoni, akapita, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake kabla Mama hajafungua kinywa. Akamweleza yote kwa mfululizo: kikao, swali, jibu, fundi, diski. Hakujitetea. Mama alikuwa anakunja nguo zilizokauka, akaendelea kukunja, akiweka mkono wa shati juu ya mkono wa shati, mpaka alipofika kwenye swali la bosi. Hapo aliacha.

"Akakuuliza kama kaacha kitu."

"Ndiyo, Mama."

"Nawe ukasema hakuna."

"Nilisema hakuna. Nilidhani namficha ili abaki."

Mama aliweka nguo pembeni. Akapapasa shuka kama anatafuta kitu kilichodondoka.

"Siku ya mazishi," alisema, "shemeji zangu, ndugu za baba yenu, walikuja hapa nilipokaa. Wakaniuliza taratibu, kwa adabu, kama kijana ameacha mtoto, hata wa nje, wajue namna ya kumlea. Nikawaambia hakuna. Nilisema hivyo mara nyingi siku ile, kila aliyekuja aliuliza. Ilikuwa kweli, lakini neno hilo lilinikata kila mara. Halafu wewe ukaanza kuniletea yale maneno yake, nikajiambia, kumbe nilisema uongo. Kumbe kaacha."

Dada Oda hakulia siku ya mazishi, kwa sababu yeye ndiye mkubwa na kulikuwa na wageni wa kuwapa viti. Sasa alilaza kichwa mapajani mwa mama yake, mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, akalia kwa sauti, na Mama hakumwambia anyamaze.